Nyumba ya Mkaa Kitako

Usitafute kibao. Kililiwa na mchwa
kabla barabara ya nyuma ya soko haijatiwa lami.
Uliza tu: Nyumba ya Mkaa Kitako.
Hata muuza maji atakunyooshea kidole.

Aliingia Malindi ndani ya kasha la majani ya chai.
Karani wa forodha akaandika: jiwe moja, halina thamani.
Sonara Podisingho akalipa, akacheka njia nzima,
akampa banda la uani, futi kumi kwa nane,
kuku wakahamishiwa jikoni.

Ilikuwa nadhiri. Binti yake, Somawathi,
siku tisa hakumeza hata uji;
ya kumi akaomba embe bichi na pilipili.
Basi hekalu letu lilianza hivyo,
kwa embe bichi.

Mwezi ukitimia walikuja watano, sita,
mwaka wa neema kumi na mmoja,
wakakaa kama yeye, kimya,
majirani wakadhani wamegombana.

Bibi yangu Mbeyu alifagia.
Shilingi mbili kwa wiki, na chai.
"Nafagia, sisujudu," alimjibu mwalimu wa chuoni,
"na vumbi silijui dini yake."

Sonara alipokufa, duka likauzwa na mizani yake.
Wakamwachia Bibi ufunguo:
tutarudi kabla ya masika.

Masika mangapi? Hesabu wewe.
Kinyozi alimtundikia taulo begani.
Pakawa ghala la saruji, kisha darasa la ushoni.
Mwaka wa mafuriko paka alizaa mapajani mwake,
wanne, mmoja kipofu.
Kila mpangaji alipewa sharti moja tu:
huyu haondolewi.
Na Bibi akafagia.

Juzi amekuja kijana kutoka Kolombo, Tharindu,
na picha iliyofifia hadi nyuso zimekuwa mayai.
Akauliza kama kuna daftari,
chochote kilichoandikwa.

Nikamwonyesha sakafu.
Saruji imelika kuanzia mlangoni,
njia nyembamba ya ufagio,
inafika miguuni pa Mkaa Kitako,
inamzunguka bila kumgusa,
inarudi.

Aliinama akaipapasa muda mrefu.
Sikuwa na soda nyumbani.
Nikamkatia embe bichi, nikalinyunyizia pilipili;
ya Somawathi nilikuwa sijamweleza bado.
Akala bila neno,
machozi yakimchuruzika.
Pilipili ile ni kali, nakubali.