Sufu

Jumapili ya mwisho ya Novemba, Cape Breton.
Theluji inaingia kiubavu, kama mgeni asiyejua kubisha hodi,
na kanisa letu la mbao linanukia nta, makoti mabichi,
na chai ya Bi Ishbel inayotokota chumba cha chini.
Leo kila ukoo umeleta kitambaa chake kibarikiwe:
kina Gillanders na mirabaraba yao ya buluu,
kina Urquhart wekundu kama wamegombana na mtu.

Zumari latangulia. Torquil, fundi wa magari,
mashavu yamemvimba kama anapuliza kuni mbichi,
mfuko kaukumbatia kwapani
kama bata asiyetaka kuuzwa.
Noti ya kwanza yapotea njia. Ya pili yairudisha.
Ya tatu, mifupa yangu inasimama kabla yangu.

Mjukuu wangu Keir, miaka tisa, ananing'ang'ania:
"Bibi, sketi hii, wenzangu wataona magoti."
Namwambia, humu ndani kazi ni kupiga magoti,
bora yaonekane. Vuta soksi.

Chetu hakina rangi.
Ni kijivu, si cha ukoo wowote,
robo ya blanketi tu, pindo limefumuka.

Bibi yake bibi yangu, Oighrig, alilivusha bahari,
wiki saba chini ya sitaha, na watoto wanne.
Alishuka na watatu.
Kilichowang'oa Uskoti ni kondoo.
Mwenye bonde alipiga hesabu: mtu hulipa kwa jasho, tena kidogo,
kondoo hulipa kwa mgongo.
Paa zikachomwa. Bonde likapewa wenye manyoya.
Na blanketi hili, cheka ukiweza,
ni sufu ya kondoo wale wale.
Oighrig aliiokota kwenye miiba ya uzio, alfajiri,
nyuzi hapa, nyuzi pale, akaisokota usiku mlango umefungwa.
Wamechukua bonde, alisema. Mimi nimechukua hiki.

Uzeeni alilikata kwa mkasi wa kunyolea,
vipande vinne. Watatu waliobaki wakapewa vyao.
Cha nne hakumpa mtu.
Hiki ndicho.

Mchungaji Abernethy apanda mimbari
na kwa upole wake wa kila mwaka
atwambia kwamba sisi ni kondoo.
Hapo ndipo bibi yangu alipokuwa akiguna.
Kila mwaka, mpaka viti vya nyuma wasikie:
"Haya, tumekuwa kondoo. Basi turudishiwe bonde."
Nadhani watu walilingoja guno lile
kuliko walivyoingoja baraka.

Amelala makaburini tangu Machi.
Pale pa guno pakaja kimya,
na nikasikia kanisa zima likikisikiliza.

Nikaguna.

Mzee Gillanders akajikohoza, Bi Ishbel akaficha uso kwenye glavu,
mchungaji akapotewa na mstari,
akautafuta kwa kidole, akitabasamu.

"Inueni vitambaa."
Mikono ikapanda, rangi zikajaa hewani,
na majina yakaitwa, na kila jina likajibiwa
na watu wake, wengine kwa sauti, wengine kwa machozi,
kina MacPhail kwa mtu mmoja tu, na fimbo yake.
Zamu yetu ilipofika sikutaja ukoo.
Nilisema, Seonag. Miezi kumi na moja.
Hakuna kaburi nililoweza kumpelekea maua;
maji yalimpokea, maji hayaandiki.
Keir akalirudia jina, polepole, akilipima ulimini.
Hakuna aliyewahi kumwita kwa sauti changa hivyo
tangu ndugu zake.

Zumari likatutoa nje ya viti.
Keir alikiomba kitambaa. Akakipitisha shavuni,
akakunja uso.
"Kinawasha. Na alikuwa analala nacho?"
Ndiyo, nilimwambia.
Akakikunja, akakitia ndani ya shati lake,
upande wa moyo au upande wa mfuko, sikuona vizuri,
tukashuka kunywa chai.