Mistari Mitatu ya Mpakani

Siku Tanui alipopiga dawa ngano yake
upepo ulishuka kutoka Mau, si wa kung'oa kofia,
wa kutikisa tu kamba ya nguo.
Mama alisikia harufu, akafunga dirisha.
Maharagwe hayana dirisha.

Wiki mbili baadaye akaniita, Njoro yote isikie:
"Chelang'at! Njoo uone!"
Mistari mitatu kando ya seng'enge
imeizidi mingine kwa shubiri,
kijani kimekolea,
kama watoto waliolishwa kwa siri.
Tanui akacheka juu ya trekta:
"Mama, utanilipa mbolea ya upepo."
Naye karibu aamini.

Mimi kazi yangu ni kuosha chupa za maabara.
Nikayabeba majani machache kwenye bahasha ya mshahara.
Daktari Wesonga hakuuliza yametoka wapi.
Akasaga, akachuja, akangoja mashine.
"Asidi hii haipiti," akasema. "Imerundikana
kama magunia mbele ya kinu kilichokatiwa stima.
Na mlango haujafungwa. Umerudishwa tu.
Shina limekosa cha kulikaza, labda,
ndiyo maana limejinyoosha."
"Si ndiko kunawiri?"
"Huko ni kurefuka."

Nilirudi na neno hilo mdomoni kama kokwa.
Nimwambieje mama?
Dawa ya kikohozi. Dawa ya magugu.
Dawa ya mbu, ya meno, ya moto ambayo ni moto.
Neno moja tumelitwika kuponya na kuua,
kisha tunashangaa likiyumba.
Haba na haba, tunasema, hujaza kibaba.
Hatusemi kibaba cha nini.

Mavuno yakaja. Maganda ya mpakani marefu, membamba,
punje mbili palipostahili tano.
Mama akayapika peke yake.
Yakaiva kabla ya kuni ya pili.
Akatafuna. Akatafuna.
"Hayana ubaya," akasema.
"Hayana chochote."

Hakwenda kwa Tanui. Hakwenda kwa chifu.
Mbegu za mwakani amezitoa mistari ya katikati,
ile mifupi, iliyotobolewa na wadudu,
akazifungia kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Jana kamba ya nguo ilipotikisika
nilimkuta shambani, amelowesha kidole kwa mate,
amekiinua juu.