Pima Maji

Sikudhani ndiye aliyeliona,
mke wangu, akinisugua mgongo uani:
"Baba Zawadi, umeficha yai nyuma ya goti?"
Nikapapasa. Kweli, yai.
Halina ganda.
Nikinyoosha mguu linakaza, nikikunja linazama.

Kigogo haina siri.
Kufika Ijumaa kijiwe kizima kimeshalipa jina:
busha la goti.
"Punguza madafu, fundi!"
Nikacheka nao. Madafu nikaacha.
Usiku, taa imezimwa, nalibonyeza taratibu
kama mtu ajaribuye embe asilokusudia kununua,
namuwaza shemeji yangu wa Tandika:
uvimbe wake ulianza hivihivi,
tukamzika kabla ya Ramadhani.

Miaka ishirini na miwili nimepiga magoti,
na si kwa Mungu peke yake:
sebule za Masaki, vyoo vya Mbezi,
korido za benki nisiyo na akaunti.
Uzi, saruji, nyundo ya mpira,
na pima maji juu,
nangoja kipovu kitulie kati ya mistari miwili.
Kikitulia, nyumba imetulia.

Mwananyamala, chumba cha ultrasaundi.
Binti ananipaka uji wa baridi,
anasukuma kidude, anatazama kioo,
hasemi.
Fundi anakijua kimya cha fundi mwenzake:
kuna kitu hakijakaa sawa.

Kisha Dokta Rweyongeza, miwani juu ya paji:
"Ni maji tu, mzee.
Goti hujitengenezea mafuta yake. Likichakaa
linatengeneza kupita kiasi,
ziada inakimbilia uani."
Yatolewe?
"Naweza kuyavuta. Yatarudi.
Mengine hukauka yenyewe. Halitakuua.
Ila usipige magoti."

Nikamtazama.
Naye akatazama viatu vyangu, saruji ya jana,
akaandika dawa.

Leo niko Mikocheni, bafu la mama mmoja.
Goti moja juu ya kipande cha godoro,
mguu wa pili nimeunyoosha
kama mshale wa saa iliyosimama.
Kigae cha kumi na nne. Kipovu kinatangatanga.
"Fundi, mbona umekaa upande?"
"Maji, mama," nikasema, nikigusa nyuma ya goti.
Alishageuka.
"Wewe! Mletee fundi maji!"

Yakaja, ya baridi, kwenye glasi yenye maua.
Nikanywa yote.
Kipovu kikatulia.