Kidole Gumba

Kazi yangu ni kidole gumba.
Napanda kichuguu jua halijapata makali,
mkononi kidude cha chuma chenye kitufe kimoja:
nyumbu mmoja, bonyeza. Mwingine, bonyeza.
Tk. Tk.
Hivyo ndivyo Novemba huingia Liuwa.

Jana usiku mvua ilipiga upande wa Angola.
Tuliiona tu, umeme bila sauti,
na Mukelabai, dereva, akazima redio, akasema: kesho.
Hakuongeza neno. Akaendelea kufua soksi zake.

Kesho ikaja.
Kwanza mstari, kama mshono uliokaa vibaya
kwenye shuka la uwanda.
Kisha mshono ukafumuka
wakamwagika,
ndevu na pembe, mabega mazito, matako membamba,
kama walioazimana viungo
na hakuna aliyemrudishia mwenzake,
wakiguna, mm, mm,
kama wazee wa baraza wanaobishana shauri
huku miguu imeshakubaliana njia.

Tk. Mia tatu na sita. Tk.

Wageni wamekaa juu ya gari, chini ya turubai.
Bibi Liesbet kutoka Antwerp kashika yai la kuchemsha,
kalisahau mkononi.
"Wanajuaje pa kwenda?" anauliza, machozi yanamlenga.
Mukelabai anajikuna shingo.
"Majani," anasema.

Nami, samahani, sikuwa nawaza nyumbu.
Nilimwaza nyanya yangu Namatama,
kila mwaka maji ya Zambezi yalipofika kizingitini.
Siku mfalme anapohama ngoma huita,
mashua yake kubwa hupasua mafuriko,
tembo wa kuchonga juu ya paa lake,
na watu huja kutoka ng'ambo na kamera.
Siku ya nyanya haikuwa na ngoma.
Mtumbwi unaovuja, kuku wanne,
chungu kimeviringishwa ndani ya mkeka,
na mimi nakumba maji kwa kopo la maziwa ya unga.
"Usitazame nyuma," alinigombeza, "kumba!"
Yeye mwenyewe alitazama.
Paa letu lilibaki juu ya maji kama kofia
ya mtu aliyezama akiwa amesimama.

Elfu moja, mia tisa na…

Hapo ndipo jike mmoja alipotoka kundini.
Akalala. Akaamka. Miguu miwili myembamba
ikachungulia nyuma yake,
imelowa, ya rangi ya chai.
Fisi watatu wakakaa kitako, wapole
kama wafiwa wanaosubiri chakula.
Ndama akadondoka.
Akajaribu mguu wa mbele, akaanguka.
Akajaribu ya nyuma, akaanguka kwa mdomo.
Kidole changu kilisimama.
Kwenye mafunzo kule Kalabo hawakutufundisha
ndama huhesabiwa lini:
akigusa ardhi, au akiikataa?
Nyuma yake walipita mamia,
wakapita, wakapita, korongo taji wakiruka pembeni,
na mimi sikubonyeza hata mmoja.

Mara ya tano akabaki wima,
anatetemeka kama meza mbovu.
Mama akamsukuma kwa paji la uso,
si kwa upole,
wakaingia kwenye msitu wa miguu
nami nikawapoteza.
Fisi mmoja alipiga miayo.

Jioni daktari wa utafiti alifungua daftari lake.
"Jumla, Nosiku?"
"Elfu nne, mia moja na kumi na mbili."
Aliandika kwa wino.
Sikumwambia kuhusu lile pengo.
Fomu ina safu ya madume, ya majike, ya hali ya hewa;
pengo halina safu.

Nililala mapema. Nje waliendelea kuguna,
wengine wakila, wengine bado wanafika.
Kidole chini ya blanketi kilikuwa kinabonyeza,
polepole, hewa tupu.
Sikukiuliza kinamhesabu nani.