Si Sasa

Ghala la hoteli, Nyali, chini ya jiko.
Stima imerudi saa nane usiku
na kipimajoto bado kimeng'ang'ania ishirini na sita.

Kati ya chupa kumi na mbili za Bordo nafungua moja.
Nazungusha glasi, nanusa:
mkaa uliozimwa kwa maji,
zambarau, kiatu kipya.
Nasukutua. Natema ndooni.
Ulimi umekauka kana kwamba nimeng'ata bibo bichi.
Naandika kwa penseli: ukakasi mwingi,
alazwe miaka kumi na mitano.

Shamte wa uhasibu yuko mlangoni:
"Kadzo, zitauzwa lini?"

Babangu alikuwa mgema, Kaloleni.
Tembo lake, alfajiri tamu, magharibi siki;
kwetu kinywaji hakikuwahi kumsubiri mtu.
Nami nalipwa kusema: si sasa.

Mgema akisifiwa, wasema, tembo hulitia maji.
Huyu wa Bordo pengine keshakufa,
sifa zangu hazimfiki.

Kumi na moja nazilaza ubavu, vizibo vilowe.
Miaka kumi na mitano: nitakuwa na sitini na miwili,
na funguo hizi
sijui kiuno cha nani.

Shamte ameondoka.
Iliyobaki kwenye glasi
sikuitema.