Hoja ya Daraja

Kila Jumapili ya mwisho ya Aprili,
theluji ingali imeng'ang'ania kivuli cha zizi,
mama aliushusha upanga wa baba ukutani,
akausugua kwa jivu na kitambaa cha pamba
hadi uso wake ukaonekana humo, mwembamba, umepinda.

Upanga ule haukuwahi kuua mtu.
Ulitoka kwa babu, na kwa babu yake babu;
huku Appenzell ndio uliokuwa kadi ya kura.
Mwanamume aushike, aingie ndani ya kamba,
anyanyue mkono, sheria izaliwe.

Akimaliza jivu, mama anachukua pasi.
Shati jeupe. Huanzia mkono wa kulia,
anaunyoosha kwapani, kiwikoni, kifundoni,
mkono uleule ambao saa sita mchana
utanyanyuka kumwambia: wewe, hapana.

Kisha tunasimama nje ya kamba, sisi wa marinda,
mama, mimi, na shangazi Walburga anayelalamikia baridi,
tunakula soseji, tunatazama migongo.
Historia ya nchi yangu
niliisoma kwenye makoti, kwa nyuma.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Wa mama haukuwa mtupu:
ndoo, chuchu za ng'ombe, sindano ya tarizi
(leso za mabibi wa Paris zilitoka machoni mwake),
kichwa cha mtoto. Jeneza la mtoto.
Ulikuwa mtupu siku moja tu kwa mwaka.

Mwaka wa tisini waliulizwa tena.
Binadamu alikwisha kanyaga mwezi,
ukuta wa Berlini umeshauzwa vipande vipande,
na msimamizi akauliza: waingie?
Ikainuka mikono, hapa na pale, kama mahindi yaliyokosa mvua.
Akauliza: wabaki nje?
Sikuiona mbingu.

"Baba, wako uliinuka wapi?"
"Uwanja ulijaa," akasema, akavua buti.

Basi tukaandika kwa mahakama ya Lausanne,
mezani kwa Josefa Dörig, mapazia yamefungwa.
Mwoka mikate akasahau jina langu ghafla.
Asubuhi moja tulikuta samadi mlangoni;
mama akaibeba kwa koleo hadi bustanini: "Mbolea ya bure."
Novemba majaji wakajibu:
hilo neno *wananchi*, katika katiba yenu,
na hawa wamo. Walikuwamo tangu zamani.
Hakuna aliyelipapasa.

Aprili iliyofuata mama hakuugusa upanga.
Baba aliushusha mwenyewe, akatafuta jivu,
hakujua linawekwa wapi.
Mama alikuwa akipiga pasi mkono wa blauzi yake.

Hoja ya kwanza haikuhusu haki wala hadhi.
Ilikuwa daraja la kijito, fedha za kujenga jipya.
Wanaokubali? Mkono wa baba juu.
Nikamgusa mama: inua!
"Tulia. Nangoja hapana."
Na hapana ilipoitwa aliunyanyua,
vidole vimetawanyika,
kama mtu anayemzuia ng'ombe barabarani.
Wakahesabiwa kumi na mmoja. Wakashindwa.

Jioni, supu inapoa, baba hakuweza kuvumilia.
"Kwa nini, Kresenzia? Daraja tu!"
Mama akaufuta mdomo wake taratibu.
"Nimelivuka na ndoo miaka thelathini na saba.
Ubao wa tatu ndio mbovu, Alois.
Ubao mmoja.
Mngeniuliza."