Chema Chajiuza, Mama Mbuke

Chema chajiuza, umeniambia tena leo
ukipepeta dagaa kwenye ungo, mchanga ukidondoka miguuni,
na kibaya chajitembeza.
Sawa, mama. Sina ugomvi na wahenga.
Mimi ni wakala tu wa kuweka na kutoa fedha,
kiti cha plastiki, mwavuli uliochanika,
hatua nne kutoka kwenye turubai lako hapa Mwaloni.
Ila nauliza: wahenga walimuuzia nani?
Nadhani mteja wao alikaa mlango wa pili.

Wako yuko Kahama.
Yuko Tinde, yuko Nzega, mmoja yuko Tunduma mpakani.
Hawauoni ungo wako.

Jumanne ile unaikumbuka.
Bwana Lusinge alishuka Nyegezi alfajiri
na magunia matano matupu kwapani,
akakuta mbalamwezi:
ziwa jeupe kama sahani, karabai zimelala,
na wewe unasuka ukili kwa kukosa la kufanya.
Akarudi na magunia yale yale,
yamekunjwa vile vile.
Hakukulaumu. Ndicho kinachoniuma.
Giza lilipoingia, dagaa wakafurika kutoka Ukara,
mvua ikatanda juu ya mawe ya Igogo,
ukauza kwa bei ya kutupa ili wasioze,
na yeye yuko Kahama, hana habari.
Wewe unasoma mwezi, mama.
Yeye anasoma simu.

Najua. Simu yako ni ya misiba.
Ililia usiku ule Masalu alipozama karibu na Kome,
na tangu hapo unailaza kifudifudi
ndani ya kopo la maziwa.
Hapo sina neno.

Wala sitakudanganya kwamba ni dawa.
Mwaka juzi nilikitangaza kibanda changu kwa watu mia mbili,
saa tano usiku, herufi kubwa tupu,
na mmoja wao alikuwa matangani.
Alinijibu neno ambalo silisemi mbele yako.
Nikajifunza: usimpigie kelele asiyekujua,
usimwandikie kila siku kama mdai,
na akisema basi, ni basi.

Lakini wale kumi na tisa wa kwenye daftari lako la kijani
si watu baki.
Unajua nani hulipa mwisho wa mwezi,
nani hataki dagaa wenye vichwa vilivyovunjika,
nani mkewe ni mjamzito.
Kuna makampuni yangeuza ng'ombe kulipata daftari hilo,
na wewe juzi umechana ukurasa, ukafungia chumvi!

Leta simu. Sema, mimi niandike.
Si maneno ya redioni.
Sema kama unavyosema hapa, ukiwa umechuchumaa.

Ukafuta mikono kwenye kitenge. Ukafikiri. Ya kwanza, kwa Lusinge:
"Mbuke hapa. Giza limeingia. Dagaa ni wa Ukara,
wameanikwa juu ya chanja, hawana mchanga.
Nakuwekea mpaka Alhamisi.
Mkeo amejifungua?"
Hilo la mwisho nilitaka kulifuta.
Ukanishika mkono.

Tukatuma. Tukatuma na nyingine, kila mtu na lake.
Kimya.
Korongo wakatembea juu ya bati kama makarani.
Mmoja akajibu, wewe nani?
Mwingine akakukumbusha gunia lake, la tangu Pasaka.
Ukanitazama. Nikajifanya nahesabu noti.

Kisha kopo likanguruma.
Ukaitoa simu kwa mikono miwili, kama kitu cha moto,
na kabla hata ya salamu ukauliza:
"Nani amekufa?"

Kicheko chake nilikisikia toka nilipokaa.
"Hakuna, mama. Ni mtoto wa kike. Niwekee matatu."

Ukanyamaza kidogo.
Ukachukua ungo, ukapepeta, mchanga ukadondoka,
ukanigeukia bila aibu hata chembe:
"Umeona? Si nilikwambia?
Chema chajiuza."